Kaka Anatoli na Sindano Inayoimba (1962–2025)

Tunayemlaza leo hapa Gitega ni Anatoli Barutwanayo, fundi redio wa Magarama, mume wa marehemu Vumilia, na kaka yangu. Mimi ni Anisia, mdogo wake. Watoto wake wameniomba nisome maisha yake kwa utulivu, nami nimewaambia nitajaribu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Bukirasazi, mtoto wa kwanza wa mzee Urbano na mama Jovina. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi, alivuka pamoja na wazazi kwenda Tanzania. Njiani alinibeba mgongoni, na mama alikuwa akisimulia kwamba alikataa kunishusha hata alipopewa chakula. Ubishi huo hakuuacha mpaka juzi.

Alisoma shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akamaliza mwaka 1979, kisha akaenda Tabora mjini kujifunza ufundi wa redio. Aliporudi mwaka 1982 aliweka meza yake ya kazi, akatengeneza redio, vipaza sauti vya kanisa na gramafoni chache zilizokuwapo. Alikuwa na masikio yasiyoridhika upesi. Mtu akija kuchukua redio yake aliambiwa, "Inaongea, lakini bado haijaongea vizuri. Njoo kesho." Kesho hiyo wengi wenu mnaijua.

Vumilia alimwona kwenye kwaya, wakafunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1985. Mwaka uliofuata kwaya ilirekodi santuri, na Vumilia, akiwa na mimba ya Thomas, akaimba peke yake ubeti wa mwisho. Kabla ya ubeti huo alivuta pumzi kwa nguvu, na pumzi hiyo ikaingia kwenye santuri. Kiongozi wa kwaya aliona haya. Kaka alisema hapo ndipo pazuri kuliko pote.

Walirudi Burundi mwaka 2009, wakalima kidogo Bukirasazi, na mwaka 2012 wakahamia Magarama. Vumilia alifariki tarehe 3 Mei 2017. Tangu hapo nakala moja iliyobaki ya santuri ile ikawa ndiyo mahali pekee pa kumsikia, maana kanda waliyonakilia zamani ilishaota ukungu. Kisha mwaka 2023 kichwa cha gramafoni, kile kidude kidogo kinachoshika sindano na kusoma mifereji ya santuri, kikafa.

Shida ilianzia hapo. Kichwa kibaya hakiishii kuimba vibaya, kinakwangua. Santuri kuukuu ikipigwa mara moja tu na kichwa kizito, sauti inaliwa na hairudi. Kwa hiyo kaka alijaribia vichwa kwenye santuri ya dansi ambayo hakuijali. Kichwa kilicholetwa kutoka Bujumbura alikitoa kabla wimbo haujaisha. "Hiki kinalima," akasema. Binti yake Letisia akamshauri arekodi kwa simu, mambo yaishe. Akamjibu, "Simu itarekodi kile ambacho sindano imesoma, mwanangu. Sindano ikimkosa mama yako, simu itampata wapi?"

Desemba 2024 shingo yake ilivimba. Februari madaktari wakatuambia ni saratani, iko nyuma ya pua, na kwamba dawa ianze mara moja. Hawakutuficha kwamba dawa yenyewe huweza kuharibu masikio. Kaka akauliza, "Kuharibu kiasi gani?" Wakasema hakuna ajuaye mpaka ianze. Akavaa kofia yake, akarudi nyumbani. Alitaka kwanza achague kichwa akiwa bado anasikia.

Nilimlilia. Nilimpigia magoti. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa. Akanijibu, "Anisia, ninyi mnaweza kuusikia wimbo. Mimi namtafuta mtu, na hakuna mwingine anayemjua kama mimi." Machi akapanda gari kwenda Muyinga kwa Radjabu, anayeuza vipuri vya redio karibu na soko. Nilifuatana naye kwa sababu alikuwa ameanza kuyumba.

Radjabu alimwekea vichwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kipya, kila chombo kilisikika mahali pake, na kaka alikaa mikono magotini kama mtu aliyesubirishwa ofisini. Cha pili kilikuwa cha zamani, chepesi. Kilipunguza ukali wa tarumbeta, lakini mwimbaji alipoingia, mguu wa kaka ukaanza kupiga chini mwenyewe.

"Mzee, hii ya mupya iko propre, iko safi, mi sikudanganyi," Radjabu akasema. "Lakini hii ya zamani njo inaimba. Sindano yake tu njo imekwisha. We ngoja, nitakuagizia ingine Tanzania."

Akangoja. Aprili yote, Mei yote. Nilimpigia Radjabu simu mpaka akaanza kuogopa namba yangu. Ugonjwa haukungoja. Uvimbe uleule uliyaziba masikio kabla dawa haijayagusa, la kulia kwanza, kisha la kushoto. Sindano ilipofika, mwezi Juni, kaka alikuwa anatusoma midomo. Dawa alianza wiki iliyofuata, na ilikuwa imechelewa.

Kichwa alikifunga kwa mikono yake mwenyewe. Akaweka santuri ya Vumilia, akateremsha sindano, akatutazama. Mimi na Letisia tukaanza kulia, naye akadhani tunalia hasara.

"Kinakwangua?" akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia anavyosema.

Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Akanipa mkono wake. "Ukimsikia anavuta pumzi, nibane."

Ubeti wa mwisho ukafika. Vumilia akavuta pumzi, karibu nasi kabisa, nikambana kaka mkono kwa nguvu zangu zote. Akafumba macho. "Basi ndicho," akasema. Alikuwa amechagua vizuri, na hakusikia chochote.

Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo watu wananiuliza pembeni kama kaka alikuwa na akili timamu. Alikuwa nazo zote. Mimi bado namkasirikia, na nikiisikia santuri ile namwelewa, kisha namkasirikia tena.

Ameacha watoto wawili, Thomas aliyeko Kasulu na Letisia wa hapa Magarama, wajukuu watano, na mimi mdogo wake.

Ee Mungu, kwanza mrudishie masikio. Mkalishe karibu na Vumilia, amsikilize mpaka atosheke. Kupumzika kutafuata.