Kuna Jingine la Kukusaidia?

Risala ya wafanyakazi wa Kiwanda cha Alizeti, Babati, kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Kampuni

Karibu

Mgeni rasmi, pokea shikamoo ya wote walio wadogo kwako hapa uwanjani, ambao ndio wengi, na pole ya safari kutoka kwa wachache mliolingana umri. Karibu Babati. Utatuwia radhi kwa mngurumo wa mashine nyuma yetu. Huu ni msimu, na zamu moja imebidi ibaki inakamua. Tunashukuru umefika kwetu kabla hujasaini mkataba mpya wa kutunza kompyuta za kampuni, maana tumesikia kalamu iko tayari.

Anayekusomea ni Xaveria, karani wa mizani. Tukueleze kidogo utaratibu wetu. Kiwandani hapa msomaji wa risala hakabidhiwi karatasi mpaka awe amesimama mbele ya mgeni. Kuna mwaka tulimpa mwenzetu Melkiori mapema, akaenda nayo nyumbani, woga ukamwingia, na siku ya siku akaruka changamoto zote akatua kwenye baraka. Mgeni akatupongeza kwa kutokuwa na shida, akapanda gari akaenda zake. Tangu hapo msomaji anasoma kilichoandikwa, chote, bila kuruka. Xaveria anaijua vizuri sheria hiyo, kwa kuwa ni yeye aliyeipendekeza.

Tulikotoka

Kiwanda kilianza kukamua mwaka ule ule Manyara ilipokatwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Mji ulikuwa unajaa watu wa ofisi waliotoka kila upande, na alizeti tulikuwa tunaipima kwa mizani ya mawe. Kompyuta zilipokuja, zilikuja na kijana wa hapa hapa Nakwa, Teodori, aliyekwenda kuzisomea Arusha akarudi. Seva ikapewa chumba kilichokuwa stoo ya magunia. Teodori akafunga kiyoyozi humo, na kwa kuwa hakikuwapo kingine kiwanda kizima, msimu wa joto kila mtu alikuwa na tatizo la kompyuta. Hata Kandida wa jikoni, ambaye kompyuta hana.

Ukimwita, "Teodori, mashine imekufa," anakujibu, "Haijafa, imesusa tu." Anakuja, anaingia chini ya meza, anakuuliza habari za watoto akiwa huko huko chini, na anapoinuka mashine inawaka na wewe umeshamweleza mambo yako yote. Iliyokuwa inasusa kuliko zote ni ya mizani. Sisi tulidhani ni vumbi la malori. Tulikuja kuelewa kanisani, siku yalipoanza kusomwa matangazo ya ndoa ya Teodori na Xaveria, kwamba vumbi lilikuwa limesingiziwa.

Tunaomba msomaji aendelee. Sheria ni yake.

Mafanikio

Mgeni rasmi, hatutaki uondoke ukidhani hatuna shukrani. Mwaka juzi kampuni iliona kwamba kazi yake ni kukamua alizeti, si kulea kompyuta, ikaikabidhi kazi hiyo kwa mzabuni wa Dar es Salaam. Kusema kweli, mtandao sasa haukatiki ovyo. Umeme ukizimika huku, hesabu zetu ziko salama kule. Mwenzetu Aniceti wa stoo, aliyepinga kuliko wote mpaka akasusa chai, siku hizi ndiye anayesifu. Tumeyaweka haya chini ya mafanikio kwa sababu ndipo yanapostahili.

Siku ya makabidhiano lilikuja gari moja. Wakapakia nyaya, kiyoyozi na seva, halafu Teodori naye akapanda, maana mkataba ulisema wataalamu waliopo watahamia kwa mzabuni, na nafasi yake hapa ikafutwa. Aliipakata seva ili barabara isije ikaigongagonga. Alimpungia mkewe kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na kazi. Hilo hatukujua liandikwe chini ya kichwa gani, tukaliacha hapa.

Changamoto

Tunayo moja. Siku hizi kitu kikiharibika tunapiga simu Dar es Salaam. Wanaopokea ni wengi, kwa zamu, na mazungumzo yote yanarekodiwa. Kuna siku anayepokea ni Teodori. Ofisi ya mizani ni ndogo, simu yake ina sauti kubwa, na madereva huwa wamejaa dirishani, kwa hiyo tulichosikia tumekisikia wote.

"Huduma kwa wateja, habari za asubuhi. Naongea na nani?"

"Xaveria."

"Uko kituo gani, Xaveria?"

"Babati. Mizani."

"Tatizo ni nini?"

"Printa haitoi risiti."

Anamwelekeza: zima, chomoa, chomeka, washa. Printa inatoa. Kisha, kwa utaratibu wa mzabuni, kuna swali la mwisho ambalo lazima kila aliyepiga aulizwe.

"Kuna jingine la kukusaidia?"

Hapo huwa kimya, na kimya chenyewe kinakuwa kirefu. Siku moja dereva wa lori kutoka Maisaka, mtu mkorofi kwa kweli, alizima injini mwenyewe bila kuambiwa ili asiwaharibie.

"Hakuna," anasema Xaveria. "Asante."

"Asante kwa kupiga."

Utasema, si wana simu zao za mkononi? Wanazo, na jioni wanaongea. Wanaongea dawa ya mama, jino la mtoto wao Kindness, bati linalovuja, mpaka usingizi unawachukua. Kwamba amemkumbuka, hilo Xaveria hajawahi kumwambia. Anasema siku akimwambia, mwenzake ataacha kazi kesho yake apande basi, na kazi ya kurudia hapa hana. Yeye naye hawezi kumfuata, kwa kuwa mama mkwe wake yuko Nakwa, hajiwezi, na ni Xaveria anayemgeuza kitandani kabla ya kuja kazini. Mama huyo kila jioni ana swali lake.

"Xaveria, basi la Dar es Salaam limeingia?"

"Limeingia, mama."

"Hakushuka mtu?"

"Leo hakushuka."

Msimu uliopita mizani ilikufa kweli, haikususa. Maelekezo ya simu yakagonga mwamba, mzabuni akasema anatuma fundi. Mgeni rasmi, utashangaa kusikia wafanyakazi wamefurahia mashine kuharibika, malori yakiwa foleni mpaka barabara kuu. Tulifurahi sana. Hakuna aliyeuliza fundi gani, kwa sababu kwetu sisi fundi ni mmoja. Kandida alikwenda ziwani mwenyewe kuchagua samaki, wale wanene anaowapenda Teodori. Kindness akasukwa nywele. Xaveria alikuja na kitenge chake cha harusi, akasema nguo nyingine hazijakauka. Ilikuwa kiangazi, jua limepamba moto.

Aliyeshuka kwenye gari alikuwa Calvin, fundi wa mzabuni aliyeko Arusha, kwa sababu Arusha ni karibu. Mtu mpole, na mizani aliitengeneza vizuri, hatuna neno naye. Tukampa samaki, akala, akasema hajawahi kuona wafanyakazi wakarimu kama wa Babati. Xaveria alimpakulia kwa mkono wake, akamwongezea, kisha akarudi dirishani akapima malori mpaka jioni. Hakulia. Sisi ndio chakula kilitushinda.

Maombi

Tulipomwambia Xaveria kwamba tutaliweka jambo hili kwenye risala, alikataa katakata. Alisema, "Mambo ya nyumbani kwangu yakafuate nini kwenye Bodi? Ombeni banda la chai." Basi, mgeni rasmi, tunaomba banda la chai, asije akasema hatukumsikiliza kabisa.

La pili ni hili. Kabla hujasaini ule mkataba, ongeza mstari mmoja tu, kwamba mzabuni ataweka fundi wake mmoja akae Babati, atuhudumie sisi na vituo vya jirani. Hatuombi seva irudi. Ibaki huko huko, imeshakuwa mtu wa mjini. Chumba chake hapa kiko wazi. Magunia hatujayarudisha, na kila Jumatatu kinafagiliwa, ingawa hakuna aliyepangiwa kukifagia. Jina la fundi hatulitaji, maana kumpanga fundi si kazi yetu. Umeshalisikia.

La mwisho halihitaji saini. Msomaji wetu akimaliza atakukabidhi karatasi hii kwa mikono miwili, na tunavyomfahamu, atataka kurudi upesi kwenye kiti chake. Tunakuomba usimruhusu. Muulize, wewe mwenyewe, kama kuna jingine la kumsaidia. Atakuambia hakuna. Usikubali, mgeni rasmi. Ngoja kidogo. Sisi tutazima mashine.

Mungu akufikishe salama kwa wanaokungoja nyumbani, na akushushe mlangoni kwao jua lingali juu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kiwanda cha Alizeti, Babati