Severina Anastaafu, Magugu Maji Yanashangilia

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Severina Margwe anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja kazini. Miaka yote hiyo amesimama kwenye mwalo wa ziwa letu, kule chini ya Endagikot, akikagua mitumbwi na mashua zinazoletwa kutoka maziwa mengine. Wenye akili walimshukuru. Wengine, na wapo humu ukumbini wanakula pilau yake, walimwita Mama Brashi.

Kazi yenyewe haihitaji digrii: sugua chombo, mwaga maji yote ya ndani, kianike juani siku tano, ndipo kishuke. Kipande kimoja cha gugu maji kikipita, ziwa linafunikwa, samaki wanakosa hewa, ng'ombe wanakosa pa kunywea. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nimeelewa. Waliomsumbua ni mabwana wenye vyeti.

Mwaka juzi ilifanyika sherehe ya kulinda ziwa. Mkubwa mmoja akaleta mashua mpya kwa lori. Sisi watu wa huku, kitu kisikwaruzike njiani, tunakitandikia majani. Basi vijana wake wakatandika majani mabichi waliyoyachota kwenye ziwa walikotoka. Gugu maji tupu, na maua yake!

Severina akaamkia kwa heshima, kisha akasimama mbele ya lori.

"Mama, unanijua mimi ni nani?" mkubwa akamuuliza.

"Nakujua, mzee. Ndiyo maana nimekuamkia kwanza. Lakini mashua haishuki."

Haikushuka. Majani yakachomwa, hotuba ikasomwa nchi kavu, na mkubwa akaondoka na mashua yake vilevile ilivyokuja. Severina, badala ya cheti, akapewa barua ya kujieleza. Nasema bila aibu: barua ile ilikuwa upuuzi, na aliyeiandika hajawahi hata kulowa miguu ziwani.

Sasa anaondoka, na wa kushika nafasi yake hajaletwa. Ofisi inasema tusubiri. Magugu nayo yameambiwa yasubiri? Hermani mwenye mashua ameshaipakia ya kwake kwenye lori, bado inachuruzika maji ya ziwa jingine, na ameniuliza mara mbili sherehe hii ni lini. Mimi nikadhani anataka kuchangia soda.

Hermani, sikia. Kuanzia tarehe mosi Julai mimi na Yonas mlinzi tutaishika ile brashi kwa zamu, tumetumwa au hatujatumwa. Anika mashua yako siku tano kama wenzako.

Severina, asante. Rudi Nambis ukalime maharage yako, na wewe uamkiwe. Tunakutakia afya, mvua za kutosha, na ziwa lililo wazi kila utakaposhuka kulitazama.