Elinipa Akyoo, Aliyeupima Mkojo wa Mwanawe

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Elinipa Sifael Akyoo, mtoto wa tatu wa Mzee Sifael na Mama Eunike, aliyezaliwa hapa Akheri tarehe 14 Machi 1966, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1974 hadi 1980, sekondari mjini Arusha hadi 1984, kisha akasomea maabara mjini Moshi, akahitimu mwaka 1988.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya kanisa, na tarehe 5 Oktoba 1991 alifunga ndoa na Ndesanjo. Mtoto wao wa kwanza, Godwin, alizaliwa tarehe 2 Juni 1994, akawa anatapika kila anyonyapo, macho yakawa ya njano, na tarehe 21 mwezi huo huo akafariki. Watu walisema mengi, wengine wakimtupia mama lawama, naye alirudi kazini akasoma kila kitabu cha magonjwa ya watoto wachanga alichokipata.

Elizabeth alizaliwa tarehe 11 Februari 1997, siku ya tano dalili zikawa zile zile. Elinipa alitoka wodini na kanga yake kiunoni, akaingia maabara na mkojo wa mwanawe, akachovya kijiti cha kupimia sukari ya kawaida, hakikubadilika, akauchemsha pamoja na dawa ya buluu iitwayo Benedikti, ionyeshayo sukari za aina nyingi, ikageuka rangi ya tofali, ndipo akajua kuna sukari nyingine, itokanayo na maziwa, ambayo mwili wa mtoto ulishindwa kuitumia kwa kasoro aliyoirithi kwa wazazi wote wawili.

Mama mkwe wake alilia, "Mwanangu, mtoto gani wa Kimeru ananyimwa ziwa la mamaye?" Elinipa akamwambia, "Mama, Godwin nilimnyonyesha mpaka kaburini, huyu simpi hata tone." Daktari alisimamisha maziwa siku ile ile, mtoto akawekewa dripu, Ndesanjo akapanda basi hadi Nairobi kutafuta maziwa ya soya, na baada ya wiki moja kutapika kulikoma. Damu iliyopelekwa ng'ambo ilithibitisha ugonjwa baada ya wiki saba. Mdogo wake Princess, aliyezaliwa mwaka 2001, alipimwa kila siku kwa wiki mbili, akakutwa salama.

Tangu hapo, kila kichanga aliyeletwa na manjano na kutapika, Elinipa aliupima mkojo wake hata kama fomu haikuandikwa hivyo, akawapata watatu wengine, wawili wakapona, mmoja, wa kule Maji ya Chai, aliletwa kwa kuchelewa akafariki, na Elinipa alikwenda kwenye mazishi yake, akakaa na mama wa mtoto mpaka jioni.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akaendelea kufundisha vijana kipimo kile hadi Juni mwaka huu, akafariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tano asubuhi, Elizabeth, ambaye sasa ni mwalimu, akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kufunga maturubai, na wenzake wa maabara, ambao nusu yao hamuwaoni hapa, kwa sababu jana alilazwa mtoto wa siku sita anayetapika, nao wamebaki kumpima.

Nenda ukapumzike, Mama Eliza, zamu yako imepokelewa.