Mjomba Aliyesubiri Sakitu

Ndugu wafiwa, majirani wa kijiji chetu cha Lukachukai, nanyi wanamuziki mliokuja na ngoma zenu, mimi ni Emerson, mtoto wa dada wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wetu, ingawa yeye angependa msomaji mwenye sauti nzuri kuliko yangu, na aliniambia hivyo mara nyingi. Wazee wetu hawapendi jina la aliyeondoka litajwe ovyo, asije akageuka njiani, kwa hiyo nitalitaja mara moja, Wilford Bitsuie, na baada ya hapo ni mjomba tu.

Alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 hapa hapa Lukachukai, katika nyumba ya magogo ya bibi, upande wa mama akiwa wa ukoo wa Maji Machungu, upande wa baba wa ukoo wa Nyumba Ndefu. Aliyemchekesha kwa mara ya kwanza alikuwa babu yake, aliyejikwaa akiwa anapiga ngoma, hivyo ikambidi, kama desturi ilivyo, achinje kondoo na kugawa chumvi kwa niaba ya mtoto.

Septemba 1956 alipelekwa shule ya bweni ya Wazungu, akanyolewa nywele, akakatazwa lugha yetu, akafundishwa tarumbeta, na kila likizo ya baridi alirudi kwa babu kujifunza nyimbo za mchezo wa viatu, zile zinazoimbwa upande mmoja unapoficha mpira ndani ya kiatu na upande wa pili unapokisia ulipo. Nyimbo hizo huanza baada ya sakitu ya kwanza, ule umande ulioganda, kuanguka, na radi ya kwanza ikishanguruma hunyamaza, hata uwe nani, maana anayeziimba nje ya msimu wa baridi huwaita nyoka. Alimaliza shule Mei 1967.

Kuanzia 1968 alitandika reli hadi Wyoming, na kuanzia 1979 hadi 2011 aliendesha basi la shule, na Jumamosi alipiga gitaa katika bendi ya binamu zake, nyimbo za wachunga ng'ombe, akidai kwamba mpiga besi wao ana kofia kubwa kuliko kipaji. Mpiga besi yupo hapa, tunampa pole.

Julai 1974, kwenye ngoma ya kiangazi, ambako mwanamke ndiye anayechagua wa kucheza naye, na mwanamume akitaka kuachiliwa humpa kizawadi, Ernestine alimshika mkono, mjomba akaapa kwamba hana chochote cha kutoa, huku kitambaa kipya cha shingoni kikichungulia mfukoni. Walifunga ndoa tarehe 7 Juni 1975, wakajaliwa Darrell, ambaye hakupewa sikio la muziki lakini ni fundi bomba hodari, na Shaunelle, mpiga gitaa wa roki nzito, muziki ambao mjomba alisema unakausha maziwa ya kondoo, kisha akaendesha gari hadi Gallup kwenda kusimama mstari wa mbele. Alimfundisha kila alichojua, isipokuwa zile nyimbo za baridi za mchezo wa viatu, maana kila baridi binti alikuwa safarini na bendi yake.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu figo zilimlaza hospitali, na radi ilikuwa imeshanguruma. Madaktari walisema huenda asimalize kiangazi. Shaunelle akarudi nyumbani mbio, kwani zaidi ya mjomba hakuna mtu katika ukoo wetu aliyezijua nyimbo hizo zote, nasi sote tukamsihi mjomba aziimbe japo kwa kunong'ona kwenye simu, akanitazama.

"Mpwa, unataka nyoka wajae wodini? Wauguzi hawa kazi wanayo tayari."

"Baba, baridi hutaifikia!" Shaunelle akalia.

"Basi nitajitahidi, mwanangu. Nawe jitahidi na huo mchuzi wa kondoo, jana ulikuwa maji matupu."

Akapita Agosti, akapita Septemba, amebaki mifupa na ubishi. Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba, akiwa amesharudishwa nyumbani, Shaunelle aliingia mbio na majani yenye sakitu kiganjani, sakitu ikayeyuka kabla hajafika kitandani, maji yakamdondokea mjomba kwenye blanketi, naye akasema, "Lete ngoma." Kila jioni alimfundisha binti yake, sauti ikizidi kufifia, mpaka tarehe 6 Novemba sauti ilipokwisha kabisa, na binti akaimba wimbo wa mwisho peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mjomba alifumbua macho, akasema kwa midomo tu, "Umeukimbiza pale katikati. Lakini ndio wenyewe." Alitutoka alfajiri ya tarehe 8.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Chinle, majirani mliotuletea kuni na mkate wa kukaanga, madereva wenzake, na bendi yake, mpiga besi akiwamo.

Mjomba, baridi hii tutacheza mchezo wa viatu nyumbani kwako, Shaunelle ataimba, na atakapoukimbiza pale katikati hakuna atakayemkemea, na hapo ndipo tutakapokulilia. Pumzika kwa amani.