Kila Mmoja Aonyeshe Aliposimama

Bisheni. Bisha na wewe unayesoma, maana nazijua sura za watu wakisikia jina langu. Mimi Nassibu, Kapteni wa kijiwe cha nyuma ya soko jipya la Kariakoo, niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa amebakiwa na machache ya kunifundisha, leo nimezunguka mji mzima na mgeni, nimeona ya kuchekesha na ya kuliza, na jioni nimerudi kwenye benchi letu na vumbi hadi kwenye nyusi. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali. Mzee Mwinyimvua alikuwa ameshatua birika lake la kahawa. Redio, ambaye mama yake alimwita Fikirini lakini hazimiki, alikuwa ameshika upande wa kivuli. Ncha ya pili alikalia Hakimu, yaani Uwesu, mtoa hukumu kwenye kesi ambazo hakupelekewa. Pembeni aliinama Elieshi, fundi viatu aliyehamia mtaani wiki hii, anashona soli.

— Shikamoo, Mzee Mwinyimvua.

— Marahaba. Umeshinda wapi, Kapteni?

— Nimeshinda juu ya mji. Nimepanda lifti mara mbili.

— Kamba hizo! alidakia Redio. Wewe hata ngazi za sokoni unazishuka kwa kuuliza.

— Nilikuwa na Mama Vitalis.

Hapo Redio alizimika. Vitalis alikuwa mwenzetu, kijana wa Masasi aliyesukuma mkokoteni hapa sokoni, na kila jioni alikaa hapa kati ya Redio na Hakimu. Homa ilimchukua wakati wa masika. Tulituma salamu kwao kwa mdomo wa msafiri: mwanenu tumemzika vizuri, kijiwe kizima kilikuwepo.

— Kaja na nani? aliuliza Mzee Mwinyimvua.

— Peke yake. Kashuka melini asubuhi na kikapu cha korosho, na meli inarudi kesho mchana. Kanikuta hapa. Anasema, "Wewe ndiye Kapteni? Nipeleke kule alikokuwa akitembea mwanangu."

— Vitalis alitembea wapi zaidi ya sokoni na ghalani? alisema Hakimu.

— Kwao alikuwa akituma habari kila akipata mtu. Eti kapanda chumba kinachopaa. Kalisha tausi. Kala samaki Feri akitazama meli.

— Ngoja. Hizo si kamba zako wewe, ulizokuwa ukimpigia hapa hapa?

— Ndizo. Leo nilikuwa nazihakikisha.

Wakacheka, na mimi nikapata nguvu. Niliwaambia jinsi tulivyoingia kwenye jengo refu la Posta kifua mbele, na mlinzi akaniachia njia kwa heshima.

— Alidhani umeleta mzigo, alisema Redio.

— Alidhani mimi ni mtu wa ofisini, bwana! Lifti ikaanza kupanda, mama akanishika mkono akacheka kama msichana. "Turudi tena," anasema. Tukarudi. Kule juu akasimama dirishani, akatazama mabati ya mji mzima mpaka kicheko kikaisha. Akaniuliza, "Na njia zote hizi alikuwa akizipita na gunia?"

Mzee Mwinyimvua alimimina kahawa bila kuulizwa.

— Na tausi? alisema Hakimu.

— Tausi kakataa kufungua mkia. Nimempigia mluzi, nimemtupia korosho, wapi! Mama akamwambia, "Hata usipofungua, mimi nimeshakuja." Feri tukala samaki wa kukaanga. Kila kitu kala, mkia kauacha. Eti Vitalis ndiye mtu wa mkia. Halafu tukapita kwenye ile Sanamu ya Askari. Akauliza huyu nani. Nikamwambia askari wa vita vya wazungu, wenzake wengi walifia mbali. Akasema, "Mama zao waliletwa kuwaona?"

— Ukamjibu nini?

— Nikajifanya natazama basi.

Redio alikohoa. Hakimu akazungusha kikombe, kisha akauliza kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake:

— Makaburini je?

— Tulienda. Makaburi yanavyotunzwa, bwana! Msalaba mweupe, udongo umesawazishwa, pembeni maua.

— Ule msalaba nilipaka chokaa mimi, alisema Redio.

— Chokaa nilileta mimi, alisema Hakimu. Wewe ulishika ndoo tu.

— Nilishika ndoo baada ya kushika kamba ya jeneza! Upande wa kichwani alikuwa nani? Mabega yaliniuma wiki nzima.

— Upande wa kichwani alisimama padri.

— Mapadri walikuwa wawili, Hakimu. Mmoja alitoka Songea.

— Basi na mwenyekiti wa tawi alihutubia, akasema taifa limepoteza mvuja jasho. Nilimshikia mwavuli mwenyewe.

— Na tarumbeta zikapigwa! Watu wakadhani anazikwa mkuu wa mkoa.

— Vizuri, nikasema. Maana mama kaacha maagizo. Kesho asubuhi, kabla ya meli, atapita hapa. Anataka kijiwe chote tuongozane naye makaburini. Kila mmoja amwonyeshe alisimama wapi siku ile.

Tarumbeta zikanyamaza.

— Kesho mimi nina shughuli, alisema Redio.

— Shughuli gani wewe? nikamuuliza. Mwezi mzima huu hujawahi kuwa na shughuli.

— Kesho ndiyo inaanza.

— Korti haiwezi kuhama na watu wake, alisema Hakimu. Kapteni anatosha kutuwakilisha.

Elieshi alikata uzi kwa meno. Tangu ahamie hakuwa amechangia neno zaidi ya salamu.

— Samahanini, ndugu zangu. Mimi mgeni. Mlimzika makaburi ya wapi?

— Kinondoni, alisema Redio.

— Ilala, alisema Hakimu.

Walisema kwa pamoja. Wakatazamana, kisha wakamtazama Mzee Mwinyimvua, naye alikuwa akitazama ndani ya birika kama mtu aliyedondosha kitu humo. Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Watu wa nyumba aliyopanga walimpakia kwenye gari, wakaondoka. Na kila mmoja wetu alijua mwenzake amekwenda.

— Kapteni, alisema Mzee Mwinyimvua. Wewe umetoka huko leo. Mwambie mgeni.

Kuna sehemu nilikuwa nimeiruka. Nilidhani itajificha.

— Silijui kaburi la Vitalis, nikasema. Nilizunguka na yule mama juani mpaka akawa anakokota miguu. Mwisho nikachagua kaburi zuri kuliko yote. Ule msalaba mliopaka chokaa umeandikwa Pantaleo, sijui mtoto wa nani. Nikaweka kidole juu ya jina nikamsomea: Vitalis. Na yeye akaweka kidole chake, akazifuata herufi moja moja, taratibu, hadi ya mwisho. Halafu akapiga magoti, akang'oa majani, akasali.

— Basi ameridhika, alisema Redio upesi. Ameridhika, yamekwisha.

— Sijamaliza. Tukaenda kituoni. Basi la UDA likatokea kule mbali, sijafumbua mdomo, mama akatazama kibao cha mbele akasema, "Ka-ri-a-ko-o. Twende mwanangu, letu hili." Nikamuuliza, mama, unajua kusoma? Akasema kijijini kwao kisomo cha watu wazima ni kila jioni, na yeye cheti ameshapata. Alitaka Vitalis awe wa kwanza kukiona.

Hakimu aliweka kikombe chini.

— Akasema nini juu ya kaburi?

— Njia nzima alishika kikapu chake. Aliposhuka ndipo aliponiambia kesho tuwepo wote, kila mmoja amwonyeshe aliposimama.

Nikawasubiri wabishe. Hakuna aliyebisha.