Shuka Moja, Kicheko Kimoja

Sogeeni karibu, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kunong'ona tu, na mimi sijawahi kunong'ona maishani mwangu, kwa hiyo mtanivumilia sauti ikitoka ovyo. Mwalimu Mkuu, vua koti ukae, humu haji mkaguzi. Kinyozi, acha kunipangusa uso kila dakika, mimi si kioo cha dukani kwako. Na wewe, Mshonaji, usisimame mlangoni kama mteja aliyefuata nguo ikawa haijakamilika. Njoo ukae hapa miguuni, kwenye ncha ya shuka, kwa sababu mengi ya leo ni yako.

Daktari amewaambia wiki mbili, nimemsikia, anadhani mgonjwa akifumba macho masikio nayo yamefumba. Mimi nimefua mashuka ya hospitali ile miaka thelathini na mmoja, na najua shuka linavyonuka mwenyewe akibakiwa na siku chache. Hili langu limeshanuka. Basi tuache kudanganyana.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ndivyo vinavyogombanisha ndugu. Nyumba hii ya vyumba vitatu nampa Kinyozi, si kwa sababu ana akili, akili hana, ila ndiye pekee kati yenu asiyeweza kumfukuza mtu. Chumba cha mbele, chenye dirisha la mwanga, kitabaki cha dada yako na cherehani yake mpaka aseme mwenyewe kwamba hakitaki. Mwalimu Mkuu, wewe una nyumba yako yenye geti, nakuachia pasi yangu, maana tangu utoto unataka kila kitu kinyooke, hata mama yako. Siku ya sherehe ya shule yako ulinitambulisha kwa wageni kuwa mama ni mfuaji mstaafu, ukaishia hapo, wakati nusu ya wazazi waliokuwa kwenye viti walikuwa wanacheka tangu naingia, kwa sababu walikuwa wananisikiliza nikichekesha ukumbini kila Jumamosi alasiri. Nilikuwekea kinyongo kwa ajili ya siku ile, mwanangu, kinyongo cha miaka sita. Leo nakitua, na si kwa wema, ni kwamba kimeanza kunilemea.

Sasa sikilizeni habari ya kazi yangu, ile ya pili, ambayo hamkuniuliza hata siku moja niliipataje.

Pale chumba cha kufulia, shuka likishakauka linakunjwa na watu wawili. Mmoja anashika ncha huku, mwenzake ncha kule, mnalivuta, mnalikung'uta, mnalikunja mara ya kwanza, mara ya pili, halafu mnatembea kukutana, na ncha zikigusana ndipo linakuwa shuka. Sisi wanawake wa pale tulikuwa na sheria yetu: shuka moja, kicheko kimoja. Ukianza kuvuta unaanza kusimulia, na mikono yenu ikikutana neno la mwisho liwe limetoka, na mwenzako awe amecheka. Asipocheka, furushi linalofuata unalibeba peke yako hadi wodini. Neno likiwahi, hacheki mtu. Likichelewa, hacheki mtu. Miaka saba nilibeba mafurushi ya wenzangu mgongoni, kisha wao wakaanza kubeba yangu, na sikubeba tena mpaka nilipostaafu. Ndipo nilipojifunza yote ninayoyajua, wala sikufundishwa na mtu mwingine.

Msidhani ni mchezo. Mtu anayefua damu ya watu na matapishi ya watu anarudi nyumbani akiwa hana sura. Ndani ya nyumba hii sikuwahi kumaliza sentensi, mara sufuria, mara mlango, mara baba yenu na saa zake alizokuwa akizitengeneza mezani. Siku ya kwanza niliyopanda jukwaa la ukumbi wa wafanyakazi, watu mia mbili walinyamaza kimya ili mimi nimalize sentensi. Mnajua maana ya kitu hicho? Niliwaona wakiningoja. Nilijiona mtu.

Na wao pia walipata. Kuna mwenye duka la unga aliyekuwa anabonyeza mizani kwa kidole gumba, kila mtu anajua, kila mtu kanyamaza. Nikasimama nikasema, yule bwana siku akifa tuchimbe makaburi mawili, moja lake na moja la kidole, maana kidole peke yake ni kilo mbili. Wiki ile nzima watu waliingia dukani wakimsalimu, "Habari yako, na kidole hajambo?" Kikaondoka kwenye mizani, hakikurudi. Kuna mhudumu wa wodi ambaye mumewe alikuwa akimpiga. Nikasema jukwaani, wako wanaume kazini hata nzi hawamfukuzi, wakifika nyumbani ndio mabondia, na ngumi zao hazijawahi kukutana na mtu wa uzito wao. Yule dada alicheka, akacheka, akalia, na kesho yake alionekana njiani kabeba godoro kichwani anaelekea kwa kaka zake. Polisi hawakufanya hivyo, wala wazee wa mtaa. Kicheko kilifanya. Anayekuambia uchekeshaji ni uhuni, mwambie, "Mama yangu alimpunguza mtu kidole bila kisu."

Lakini ulimi hauna mfupa, na ule wangu haukuwa na macho pia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Niliwachoma wa nje wakafaidika, nikageuka nikawachoma wa ndani. Kinyozi, ile ya kukojoa kitandani mpaka darasa la sita niliisimulia mara ngapi? Wewe ulicheka pamoja nao, na nilijua ulikuwa unacheka ili usionekane unalia, na sikuiacha, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Mwalimu Mkuu, barua yako ya mapenzi niliisoma yote, na makosa yake ya herufi. Lakini hizo ni chunusi. Kidonda kimekaa hapa miguuni kwangu.

Mshonaji. Niangalie. Usishone kwa macho hilo shuka, niangalie.

Watu wote wa mji huu wanakuita Redio Mbovu, na jina hilo nilikupa mimi, mbele ya watu, miezi mitatu baada ya kumzika baba yako. Ndicho kichekesho changu cha kwanza jukwaani, na ndicho walichoniomba miaka ishirini na minne: "Mama, tupe ile ya Redio." Nami nawapa. Naigiza mtoto wa miaka kumi na mmoja anakuja mbio kusema baba kaanguka bafuni, na neno halitoki, "ba-ba-ba," namwambia tafuta stesheni, mwanangu, na likija kutoka neno lenyewe, baba kafika mbinguni na ameshapewa kiti. Ukumbi unapasuka. Hata mimi niliposimulia mara ya mia nilikuwa bado nasikia raha ule mpasuko unavyonipiga kifuani. Ulipofika miaka kumi na sita ulinyamaza karibu mwaka mzima, ukachagua kushona kwa sababu cherehani haikuulizi kitu. Nami nilikaa nikitazama. Nilikuwa najua ninachokifanya.

Kaka zako hawa walikuwa nje siku ile, kwa hiyo wasikie. Ilikuwa Jumapili mchana. Wenzangu watatu wa kazini walikuwa wamekaa pale sebuleni, nami nawasimulia habari ya meno ya bandia tuliyoyakuta ndani ya foronya. Mkuu wa wauguzi alikuwa ametuamuru tuzunguke wodi nzima tukimjaribisha kila kibogoyo mpaka mwenyewe apatikane. Nimefika kwa mzee wa saba. Nimeshalivuta, nimeshalikunja, mikono inakaribia kukutana. Mtoto huyu akaingia. Sketi imelowa maji mpaka kiunoni. Akafungua mdomo.

Nikamwinulia mkono. Hivi. Ngoja.

Halafu nikamalizia: yule mzee akayavaa, akayatafuna hewani, akasema, "Si yangu, lakini nipeni, yangu yalikuwa yananibana." Wakacheka. Nikangoja wacheke wamalize, maana kicheko hakikatwi, hiyo nayo ni sheria. Wakamaliza. Ndipo nikauliza, haya, unasemaje?

Wala si kwamba sikukuelewa, mwanangu. Nilikuelewa kwenye "ba" ya kwanza. Niliiona sketi, niliyaona macho. Kitu kimoja ndani yangu kilisema inuka, na kingine kikasema mzee wa saba, na nikamchagua mzee wa saba. Baba yako alikuwa ameanguka kifudifudi, uso ndani ya beseni la maji, nawe umemvuta umeshindwa. Daktari alinivuta pembeni akaniambia, angetolewa dakika moja mapema angeishi. Dakika moja. Nimeipima mara nyingi usiku na mchana, meno yale ya bandia na kicheko chake ni dakika moja na kitu.

Basi kigugumizi chako hakikumuua baba yako. Ni mimi. Na ili nisilale na hilo kitandani, nilikulaza nalo wewe, nikalipa jina, nikalichekesha, watu mia mbili kila Jumamosi wakanisaidia kuliamini. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndicho hicho kimekuja kuniumbua. Sikuombi unisamehe. Mtu akiomba msamaha kitandani anaomba kwa ubavu, unamnyimaje anayekufa? Mimi sitakufanyia hivyo. Nakurudishia kilicho chako tu.

Mwalimu Mkuu, kaa chini. Ukitaka kunichukia nichukie ukiwa umekaa.

Nipeni maji... Yatosha.

Sijamaliza. Mwezi uliopita, kabla miguu haijagoma, nilisikia kwamba Mshonaji anapanda jukwaani, kwenye ukumbi ule ule, mchana, wakati mimi nadhani yuko kwa wateja. Nikajifunika mtandio, nikakaa nyuma ya nguzo. Ulisimama na kigugumizi chako chote, hukukificha. Neno likigoma ulilisubiri, na watu walilisubiri na wewe, na likitoka linaanguka palepale ncha zinapokutana. Mimi ilinichukua miaka saba na mafurushi ya watu mgongoni kujua kungoja. Wewe umezaliwa nako. Niliona wivu, nasema kweli, wivu mchungu wa mwanamke kwa mwanamke.

Halafu ukaianza siku ile. Ukafika kwenye mkono. Nilikuona ukiuinua mkono wako, hivi, kama wangu. Kwa hiyo unakumbuka! Miaka yote ulikumbuka, hukumwambia mtu. Nikasema moyoni, haya, nipige. Na wewe ukaushusha, ukasema, "Mama akakimbia." Wakacheka kicheko kidogo, cha adabu. Ulinihurumia jukwaani, na ukumbi ulinusa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya mchekeshaji mwongo ni fupi zaidi. Ile ndiyo siku mbaya kuliko zote nilizoishi baada ya ile yenyewe, kuona mtoto niliyemwuza kwa vicheko ananificha nyuma ya mgongo wake.

Sasa haya ndiyo maagizo, na mtu asiyasikie nusu.

Siku ya kunizika pasisomwe maisha ya marehemu. Mwalimu Mkuu ataandika kwamba nilikuwa mama mwema, na watu wananijua. Jumamosi itakayofuata, nyinyi wanaume wawili mtakaa mstari wa mbele, na dada yenu atapanda. Ataisimulia yote, na mkono. Hataushusha. Wakicheka, wacheke. Wasipocheka, shuka hilo ni zito, mbebeeni furushi. Na kuanzia siku ile atakayemwita Redio, Kinyozi, mnyoe upara.

Kiti changu cha Jumamosi ni chake... nimeshamwambia mshereheshaji. Daftari liko chini ya godoro. Ile ya Redio nimeichana.

Mungu awape... awape kula na kucheka, mkikosa kimoja mkipate kingine. Mwalimu Mkuu, upate siku moja ya kujikunja. Kinyozi, upate mtu wa kukuuliza unalia nini. Mshonaji, Mungu akupe ukumbi unaonyamaza. Nimewabariki. Ni baraka ya mtu mbaya, lakini ndiyo niliyonayo, ipokeeni.

Mkinitoa hapa, hili shuka msimpe mtu wa kazi. Wawili wenu... mlikunje. Mnajua sasa.

Baridi imefika magotini. Kinyozi, nyamaza, baba. Nimesema nyamazeni nyote, dada yenu anataka kusema kitu, nimeona mdomo.

Sema, mwanangu.

Ba... ndiyo. Nakusikia. Usiharakishe.

Mkono wangu huu hapa, juu ya shuka, hauinuki. Sema. Mimi nangoja.