Ukucha wa Kikwangulio

Benchi la kijiweni, pale ukutani kwa fundi viatu, lina mabonyeo manne ya kukalia, laini kama sahani. Fundi seremala alilitengeneza mwenyewe, na mabonyeo hayo aliyamalizia kwa kikwangulio: kibamba chembamba cha chuma alichokikata kwenye msumeno mkuukuu, akakichonga kwa tupa mpaka kikawa na umbo la figo, kiingie mahali ambapo randa haifiki. Siku hizi Fundi hufika kijiweni kabla birika halijachemka. Tangu amzike mkewe, nyumbani hakuna wa kumuuliza anakwenda wapi. Asubuhi hiyo alitoa kikwangulio mfukoni, akakilaza juu ya benchi kama mtu anayelaza mgonjwa.

— Hakikati, alisema. Kinatoa vumbi tu. Zamani kilikuwa kinatoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Na mama mwenye kile kiti ninachomalizia anakuja kesho.

— Pitisha msasa, alisema Chumvi, muuza kahawa, ambaye hajawahi kupokea habari akaitoa kama ilivyoingia.

— Msasa unaupofusha mti, hauna tena mng'ao. Yule mama ni mteja wangu tangu ujana. Akiona kiti kimepofuka, atajua Fundi amekwisha.

— Basi hujakinoa, alisema Profesa, yule fundi viatu, ambaye hana cheti cha chochote.

— Nimekinoa. Tupa nimepitisha, jiwe nimepitisha. Kinachobaki ni kuukunja ukingo. Unaukandamiza kwa chuma cha mviringo mpaka ujikunje kidogo, kama ukucha. Ukucha ndio unaokata. Nikikunja mimi, unavunjika.

— Ulinoa kwa maji?

— Kwa maji.

— Ndiyo kosa lenyewe. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake chuma kinolewe kwa mafuta.

— Hawakuwa na maana hiyo, alisema Chumvi. Tatizo la Fundi ni huruma. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kipige nyundo.

— Kitakuwa kijiko.

— Kijiko nacho ni kitu.

— Nisikilizeni, alisema Profesa. Chuma kina kumbukumbu. Hiki kilikuwa msumeno, kinatamani kurudi kwao. Kizike siku saba, kisahau.

— Namjua mtu alichemsha chake kwenye maziwa ya mbuzi, alisema Chumvi. Alipokitoa kikakata kiti, kikapitiliza, kikakata na sakafu.

— Sakafu ya nani?

— Amehama.

Fundi alicheka. Akageuka pembeni, kama mtu anayetaka kumhadithia mwenzake, akakutana na ukuta.

Mshonaji aliyehamia juzi chumba cha nyuma alikuwa amesimama na kikombe chake, akisubiri kahawa.

— Shikamoo baba. Samahani, nauliza tu. Umesema ukikunja wewe unavunjika. Zamani alikuwa anakukunjia nani?

— Dada, alisema Chumvi, huyu ndiye Fundi. Miaka thelathini.

Fundi alitazama viatu vyake. Miaka yote hiyo alisifiwa kwenye benchi hili, na kila sifa aliipokea.

— Mama watoto, alisema.

Profesa aliiacha sindano ndani ya soli.

— Mkono wangu mzito. Mimi nilikuwa nanoa tu. Jioni nikila, yeye anakaa mlangoni, anakunja. Nyinyi mkisifu, nilinyamaza.

— Na yeye alijua? aliuliza Profesa.

— Alikuwa ananiuliza, wamesemaje leo? Namwambia wamesifu. Anacheka.

Hapo hakuna aliyeleta methali. Mshonaji alikichukua kikwangulio, akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, taratibu.

— Mimi mkono wangu si mzito, alisema. Nielekeze tu, baba. Alikuwa anakilaza vipi? Anapitisha mara ngapi?

Fundi alijaribu kukumbuka. Kigoda cha mlangoni alikiona. Ule mlio mwembamba wa chuma juu ya chuma aliusikia, na sauti ya mama watoto juu yake, ikieleza habari za goti linalouma, za watoto walio mbali, za jirani aliyeazima ungo. Mikono hakuiona.

Alimtazama Chumvi. Chumvi akamtazama Profesa. Profesa akaitazama sindano.

— Nilikuwa nampa mgongo, alisema Fundi. Taa ilikuwa upande wa sahani.

Chumvi aliinamisha birika juu ya kikombe cha mshonaji. Yalitoka matone mawili, kisha machicha. Kwa kawaida kahawa ikiisha, kila mtu hushika njia yake. Leo hakuna aliyeinuka.

— Na mwenye kiti kesho? aliuliza Profesa.

— Nitamwambia nani alikuwa anamalizia viti vyake.

Fundi alikipokea kikwangulio, akakirudisha kwenye mfuko wa shati. Zamani ukucha wake ulikuwa ukinasa uzi wa mfuko, na mama watoto akigomba huku akishona. Sasa kiliteleza mpaka chini. Hakikunasa kitu.